Mnara Uliokwama: Historia ya Mgogoro wa Uhuru Park

Bustani ya Uhuru Park, iliyofunguliwa na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1969 kando ya kitovu cha jiji la Nairobi, ilikuwa kwa miongo miwili mahali ambapo wakazi wasio na hata ua nyumbani kwao waliweza kukaa nyasini na familia zao siku za mapumziko bila kulipa kiingilio. Mwaka 1989 ilibainika kwamba Kenya Times Media Trust, kampuni ya magazeti ya KANU, chama pekee kilichoruhusiwa kisheria wakati huo, ilikuwa ikishirikiana na tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell, kujenga humo mnara wa ghorofa 60 pamoja na sanamu ya Rais Daniel arap Moi, kwa gharama ya takriban dola milioni 200 ambazo sehemu kubwa ingekopwa nje.

Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement, vuguvugu la upandaji miti lililoanza mwaka 1977, alipopinga kwa barua, wabunge walimkejeli yeye na ndoa yake iliyovunjika, wakaiacha hoja yake bila jibu, na baadaye vuguvugu lake likafukuzwa katika ofisi za serikali lilimokuwa. Mahakama Kuu nayo iliitupa kesi yake kwa kukosa haki ya kushtaki, yaani kanuni iliyomtaka mlalamikaji aoneshe madhara yaliyompata yeye binafsi, kwa kuwa mali ya umma ilipaswa kutetewa na Mwanasheria Mkuu, ambaye, ikumbukwe, ndiye aliyekuwa mshauri wa serikali iliyoutaka mnara huo.

Simulizi iliyozoeleka humpa Maathai ushindi wote, na ujasiri wake haupingiki. Lakini kilichouangusha mradi ni kwamba ulitegemea fedha za kigeni, na kelele zake ziliwafikia wafadhili, wakasita, hata serikali ikaupunguza mwanzoni mwa mwaka 1990 na hatimaye kuuacha. Bustani isiyohitaji mkopo wa nje ili iuzwe isingepata kinga hiyo.

Katiba mpya ya Kenya ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 katika bustani hiyo hiyo, na Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kulazimika kuthibitisha kwamba amepata hasara.