Maruweruwe, Kichaa na Kalamu ya Mfasiri

Mfasiri akutanapo na habari ya mgonjwa asikiaye sauti zisizokuwapo, au adhaniaye kuwa jirani zake wanamtilia sumu, aghalabu kalamu yake hukimbilia neno kichaa. Wako pia waandikao skizofrenia, wakidhani wamesanifu zaidi. Kosa ni lile lile: dalili imepewa jina la ugonjwa.

Jina skizofrenia lilitolewa na Eugen Bleuler wa Uswisi mwaka 1908. Maruweruwe yalikwisha kuchunguzwa zamani. Mwaka 1760 Charles Bonnet wa Geneva alieleza habari za babu yake, aliyekaribia upofu, ambaye aliona watu, ndege na majumba, huku akijua vema kuwa havipo. Akili ilikuwa timamu. Macho ndiyo yaliyopungukiwa.

Kisa kizito zaidi ni cha karne ya 19, ambapo hospitali za wendawazimu huko Ulaya zilipokea watu wengi waliojidhania wafalme au matajiri, kisha wakapooza na kufa. Wengine walilaumu tabia, wengine urithi. Mwaka 1913 Hideyo Noguchi na J. W. Moore walivikuta vijidudu vya kaswende ndani ya bongo za wagonjwa hao. Mwaka 1917 Julius Wagner-Jauregg wa Vienna alianza kuwaambukiza malaria ili homa iwatibu, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1927. (Kwetu malaria yenyewe ndiyo iletayo maruweruwe!) Penisilini ya miaka ya 1940 ikaifuta tiba hiyo.

Tena mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake walieleza wanawake 12 wenye uvimbe, karibu wote katika ovari, ambao kinga ya mwili ilikuwa ikiushambulia ubongo wao wenyewe. Dalili za kwanza zilifanana na za kichaa.

Lugha yetu haina ufukara hapa. Wazimu limebeba mzimu ndani yake, yaani limekwisha kutaja chanzo kabla ya daktari. Bali asemaye kuwa malaria imempanda mtu kichwani ametenganisha chanzo na dalili barabara. Kwa maoni yangu, maruweruwe yabaki kuwa dalili tu, na paranoia ielezwe kuwa dhana ya kuandamwa; jina la ugonjwa aachiwe mganga. Maana cheti kikiandikwa kichaa mahali pa maruweruwe, mwenye malaria ya ubongo aweza kupelekwa wodi ya wagonjwa wa akili bila ya kupimwa damu.