Tabora: Njia Ipo, Mzigo Umekwama Pwani

Novemba 1871, mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alimkabidhi mpelelezi Dk. David Livingstone mfuko wa barua mjini Ujiji. Juu ya mfuko palikuwa na tarehe: 1 Novemba 1870. Stanley hakuutoa Unguja. Aliukuta Kwihara, jirani na Tabora, ukiwa umelala huku Livingstone akisubiri habari za dunia.

Ukiambiwa barua imechelewa mwaka mzima katika njia ya misafara, utafikiria simba, mafuriko ya Malagarasi au homa. Sehemu kubwa ya ucheleweshaji ilitokea kabla safari haijaanza. John Kirk, kaimu balozi mdogo wa Uingereza Unguja, aliutuma mzigo ukavuka bahari hadi Bagamoyo, na hapo watu waliokabidhiwa wakatulia zaidi ya miezi mitatu, mpaka Februari. Stanley akamlaumu Kirk hadharani, Kirk akaikataa lawama, na mzozo ukafika hadi London. Aliyewahi kupiga simu huduma kwa wateja anaujua mzozo wa namna hii: mteja anasema hajapata kitu, mtoa huduma anasema kwake kila kitu kiko sawa.

Tabora ya wakati huo, katika nchi ya Unyanyembe, ilikuwa njia panda. Kutoka hapo njia moja ilishika magharibi kwenda Ujiji na Ziwa Tanganyika, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika Novemba 1857, baada ya siku 134 kutoka pwani. Wapagazi wa Kinyamwezi waliijua safari hiyo kama mtu anavyoijua njia ya kisimani. Gharama zake zilijulikana pia: msafara ukiingia Ugogo, mtemi baada ya mtemi alidai hongo, yaani ushuru wa kupita, ukilipwa kwa vitambaa, shanga na nyaya. Walioulipa waliulalamikia mno, na maandishi yao yamejaa manung'uniko hayo. Wagogo, kwa upande wao, walikuwa na visima katika nchi kame, na hawakuona sababu ya kuwanywesha bure mamia ya wageni.

Kukatika kwa njia nako kulikuwepo. Mwaka 1871 mtemi Mirambo wa Urambo alipigana na Waarabu wa Tabora, njia ya Ujiji ikafungwa, na Stanley akalazimika kuzunguka mbali upande wa kusini ndipo amfikie Livingstone.

Kasi ya habari za enzi hizo ilionekana vizuri miaka miwili baadaye. Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873. Oktoba, Chuma, mmoja wa watumishi wake, alifika Kwihara na kumpa taarifa Luteni Cameron, msafiri Mwingereza aliyekuwa hapo. London iliipata habari Januari 1874. Mwaka 1879 waya wa simu za maandishi ukafika Unguja kwa kupitia chini ya bahari, na kuanzia hapo Unguja na London zikawa zinasemezana wakati Tabora bado inategemea miguu ya tarishi. Wajerumani ndio waliovuta waya hadi bara, kisha reli: ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa mwelekeo wa misafara.

Intaneti nayo ilianza kwa pengo kama hilo. Hadi 2009 Tanzania ilitegemea setilaiti, iliyokuwa ghali na yenye uvivu. Julai mwaka huo SEACOM, kebo ya chini ya bahari, ikatua Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ikaja nyingine, EASSy. Wakati huohuo Serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kwa mkopo kutoka China: kilomita 7,560 katika awamu za mwanzo, chini ya usimamizi wa kampuni ya simu ya TTCL, na matawi yaliyofika mipaka ya Rwanda, Burundi, Uganda, Zambia na kwingineko. Tabora imo. Safari iliyomchukua Burton siku 134 mwanga ndani ya mkongo unaimaliza kabla hujapepesa jicho.

Basi kwa nini mtu wa Tabora bado anasema mtandao unasumbua?

Jumapili ya 12 Mei 2024 jibu lilikuwa baharini. EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Aliyekuwa Waziri wa Habari, Nape Nnauye, ndiye aliyewaeleza wananchi kilichotokea. Mkongo wa nchi kavu ulikuwa mzima. Lakini mtu anayefungua WhatsApp akiwa Nzega au Igunga hutegemea mitambo iliyo nje ya nchi, hivyo ujumbe wake lazima ushuke pwani kwanza, na pwani palikuwa pameziba. Upo pia mkato usiosababishwa na hitilafu: 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikarejea baada ya siku kadhaa.

Siku za kawaida kero ni bando. Aprili 2021 kampuni za simu zilipoweka vifurushi vipya, watu walifungua simu wakakuta fedha ileile inanunua MB chache zaidi. Kelele zilipanda kiasi kwamba Serikali ikasitisha bei hizo haraka. Kanuni za mamlaka ya mawasiliano, TCRA, za mwaka huo zilitaka pia mteja ataarifiwe anapofikisha asilimia 75 ya kifurushi na kinapokwisha, na aruhusiwe kumhamishia mwenzake salio la bando. Ni hatua nzuri, ingawa kujua kwamba bando limebaki robo hakuliongezi.

Nenda kwenye steshenari msimu wa kuomba mikopo ya elimu ya juu. Kijana ana bahasha ya vyeti mkononi, mwenye duka anapandisha picha ya cheti cha kuzaliwa, kiduara kinazunguka, ukurasa unarudi mwanzo. Nyuma yao foleni inasogea nusu hatua. Mwenye duka anazima data, anawasha tena, anahamia laini nyingine, kwa kuwa karibu kila mtu wa kazi hiyo ana laini zaidi ya moja. Mkongo unaweza kuwa umepita mita chache tu kutoka hapo, lakini yeye anashika mnara, na mnara unagawiwa na mji mzima. Umeme ukikatika, unategemea betri au jenereta.

Vijijini Sikonge, Uyui na Kaliua, mkoani Tabora, ambako makazi yametawanyika katika miombo, swali ni kama mnara upo. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Mwaka huohuo TTCL ilikuwa inanadi faiba ya hadi mlangoni. Aliyevutiwa faiba analipa kwa mwezi na watoto wanatazama video hadi usiku. Mkulima wa tumbaku Kaliua bado ananunua bando la saa 24, na MB zisipotumika kabla muda haujaisha, zinapotea na fedha yake.