JPEG na PNG: Mbano Wenye Upotevu na Usio na Upotevu

Kadi ya mwaliko wa harusi ikishahifadhiwa na kutumwa upya WhatsApp mara kadhaa, herufi za jina la bibi harusi huota ukungu pembeni. Simu hulaumiwa bure. Kila ikihifadhiwa na kutumwa upya kama picha, kadi hubanwa tena kwa JPEG, na kila mbano hung'oa kitu.

Mbano, kutokana na kubana, ni kupunguza ukubwa wa faili, nao ni wa aina mbili: wenye upotevu na usio na upotevu. Wapo wanaosema "wenye hasara", lakini hasara ina lawama ndani yake, ilhali mara nyingi kinachopotea hakimuumizi mtu. Upotevu unatosha.

JPEG, kiwango cha mwaka 1992, ilisanifiwa kwa ajili ya fotografia. Huigawa picha katika viraba vya nukta (pikseli) 8 kwa 8, kisha hufuta mabadiliko madogo ambayo jicho halina habari nayo, hasa ya rangi, maana jicho ni jepesi kwa mwanga kuliko rangi. Picha ya nukta 1,000 kwa 1,000 isiyobanwa hula baiti milioni 3. JPEG yaweza kuishusha hadi laki tatu hivi na mtazamaji asishtuke. Nyuso na mawingu huvumilia. Herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe hazivumilii, kwa sababu ukingo wake mkali hutegemea mabadiliko yaleyale yanayofutwa.

PNG ilizaliwa kwa ugomvi wa hataza. Desemba 1994, ilitangazwa kwamba watengenezaji wa programu zinazotumia GIF, muundo mwingine wa picha, wangedaiwa leseni, kwa kuwa mbano wake, LZW, ulikuwa na hataza ya Unisys. Januari 1995 kazi ya kusanifu mbadala ikaanza, na Oktoba 1996 W3C, shirika la viwango vya wavuti, ikauidhinisha.

PNG hukisia kila nukta kutokana na jirani zake, huandika tofauti tu, na yanayojirudia huyafupisha. Faili ikifunguliwa, hakuna nukta iliyopungua. Skrinshoti ya meseji hutoka nyepesi; picha ya umati wa Kariakoo hutoka nzito mara kadhaa kuliko JPEG, na bando huliwa. Kuigeuza JPEG kuwa PNG nako hakurudishi kilichofutwa.

PNG pia hubeba uwazi, JPEG haibebi. Nembo ikihifadhiwa kwa JPEG mara nyingi hupata mraba mweupe nyuma yake, ndiyo maana wachapishaji wa fulana huomba PNG.