Usisimuaji wa Ubongo kwa Sumaku

Mwanamke aliyeharibikiwa mimba mara mbili au tatu huujua wasiwasi mwilini kabla hajaambiwa jina lake. Akikosa siku zake, hofu humfika kabla ya furaha. Kila aendapo msalani hutazama kama kuna damu. Usiku moyo humwenda mbio, naye amelala tu. Baadhi ya watafiti wanauliza kama wasiwasi huo unaweza kutulizwa kwa sumaku inayoelekezwa kichwani, na kama utulivu utaonekana katika mapigo ya moyo. Utafiti wa aina hii unahitaji istilahi za Kiswahili, na istilahi hizo zitasomwa kwanza na mtu mwenye uchungu.

Tuanze na mimba. Sarufi yetu imetusaidia sana: mimba *huharibika*, mimba *hutoka*. Vitenzi hivyo havina mtendaji. Lakini herufi moja tu huligeuza jambo, maana *kutoa* mimba ni tendo la mtu, na *kuharibu* vilevile. Nimesoma tafsiri za vijitabu vya afya zinazochanganya mambo haya mawili, na kwa mama anayeomboleza hiyo ni shutuma. Niandikavyo mimi ni "kuharibika kwa mimba kunakojirudia". Chama cha Ulaya cha wataalamu wa uzazi, katika mwongozo wake wa 2017, kinaanza kuhesabu kwenye mimba mbili. Wengine wamezoea tatu mfululizo. Kwa takriban nusu ya wanawake hawa vipimo havionyeshi sababu, na hapo ndipo wasiwasi hupata nafasi ya kukaa.

Sasa chombo chenyewe, kinachojulikana duniani kwa herufi TMS. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake huko Sheffield, Uingereza, waliweka koili ya waya juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha mkupuo mfupi wa umeme, na mkono wa mtu huyo ukashtuka. Kanuni yake ni ya Michael Faraday, ya mwaka 1831: sumaku inayobadilika huzaa umeme katika kitu kinachopitisha umeme kilicho karibu nayo. Hapa kitu hicho ni chembe za ubongo. Nguvu ya sumaku ya koili hufikia tesla 1.5 hadi 2, sawa na ya mashine nyingi za MRI, lakini kila mkupuo haumalizi hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na hupenya sentimita mbili au tatu tu. Hakuna kisu wala nusukaputi. Mgonjwa yu macho, anasikia mlio wa ta-ta-ta na kuhisi kama anagongwagongwa utosini au kwenye paji la uso.

Wapo wanaokiita "uchochezi wa ubongo". Siliafiki. Uchochezi tunaujua mahakamani na magazetini, ni kosa la jinai. Hata tukisema "uchocheaji", mwanamke anayehudhuria kliniki ya uzazi ameshazoea kusikia homoni zikiitwa *vichocheo*. Atadhani anapewa homoni za ubongo. "Usisimuaji" ni bora, kwa kuwa mwili *kusisimka* ni jambo la mishipa ya fahamu, nasi tunalijua tangu utotoni. Neno hili nalo lina upungufu: mikupuo ya haraka, kama kumi kwa sekunde, huamsha eneo la ubongo, ilhali ile ya polepole, mmoja kwa sekunde, hulipoza. Mwandishi hana budi kulieleza hilo pembeni. Lisilokubalika kabisa ni "shoti ya umeme", kwani tiba hiyo ni nyingine, hukusudia kuleta degedege akiwa mgonjwa amelazwa kwa nusukaputi.

Na moyo? Moyo wenye afya haupigi kama saa ya ukutani. Ukivuta pumzi mapigo husogeleana, ukiitoa huachana, kwa tofauti zinazopimwa kwa milisekunde. Kazi hiyo hufanywa zaidi na neva ya vegasi, na sehemu ya mbele ya ubongo, ileile inayolengwa na koili, ina njia za kuifikia. Wasiwasi wa muda mrefu aghalabu hupunguza tofauti hizo. Watafiti wa Uholanzi wamejaribu hata kutafuta mahali pa kuweka koili kwa kuangalia ni wapi moyo unapunguza mwendo. Kipimo hiki kikiitwa "kutofautiana kwa mapigo", mgonjwa atadhani moyo wake una hitilafu, kumbe tofauti ndiyo heri. Napendekeza "unyumbufu wa mapigo". Na tuseme "mwitikio wa *mapigo* ya moyo", si "mwitikio wa moyo" pekee, maana moyo kwetu ni pia huzuni, tamaa na ushujaa, na mashine haipimi hayo.

Kuna jina moja zaidi la kuangaliwa: "tiba ya sumaku". Bangili na mikanda ya sumaku huuzwa kwa jina hilo. Sumaku ya bangili imetulia, haibadiliki, hivyo haizai umeme wowote wa maana katika ubongo wa mtu aliyekaa nayo. Koili hutumiwa na mtaalamu, baada ya kuuliza kuhusu kifafa na vyuma vilivyopandikizwa kichwani. Marekani iliiidhinisha mwaka 2008 kwa sonona. Kwa wasiwasi wa wanawake hawa bado ni suala la utafiti, na kinachotafutiwa nafuu ni wasiwasi, wala haijakusudiwa kuishikilia mimba.