Utawala wa Kolwezi na Ulinzi wa Mito Yake

Mgeni afikaye Kolwezi huona upesi vilima ambavyo Mungu hakuviumba. Ni udongo uliotolewa mashimoni, pamoja na machujo ya viwanda. Watoto wetu wamezaliwa wakiviona, na wengine hudhani vilikuwapo tangu zamani za mababu. Twataka kueleza hapa ni nani, katika miaka hiyo yote, aliyekuwa na amri ya kusema: udongo huu usimwagwe hapa, maji haya yasiachiwe mtoni.

Mwaka 1900 nchi ya Katanga iliwekwa mikononi mwa Comité Spécial du Katanga, nayo ikaitawala hadi 1910. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa 1906, na mji wa Kolwezi ulianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya machimbo yake. Katika kambi za wafanyakazi, kampani ndiyo iliyokuwa serikali. Ilijenga nyumba, ilichimba mifereji, ilipiga dawa ya mbu. Wazee wetu husifu usafi wa siku zile, nao hawasemi uongo. Lakini mpaka wa kambi ulikuwa pia mpaka wa usafi. Mfanyakazi mgonjwa aliipotezea kampani siku za kazi. Mto mgonjwa haukuipotezea kitu. Machujo yaliachwa katika bonde la Musonoi na kule Kingamyambo, hata wapimaji wa baadaye wakakuta yamepita tani milioni 100. (Leo yanachimbwa upya, maana shaba na kobalti zilibaki ndani yake. Yalikuwa mali iliyotupwa mtoni.) Kiwanda cha Luilu, kilichofunguliwa 1960, nacho kiliachia maji yake ya asidi katika mto wenye jina hilohilo.

Mwaka 1967 mali ya Union Minière ilichukuliwa na serikali, ikazaliwa kampani iliyokuja kuitwa Gécamines. Jina lilibadilika, desturi ikabaki. Kisha kampani nayo ikaanguka. Mnamo Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Shaba, iliyozidi tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, haikufika hata tani 50,000 mwaka 1994. Ndipo mji ukaachiwa mifereji iliyoziba na vilima vya machujo, bila fundi, bila fedha, wala mazoea ya kujitawala. Huo ndio urithi, nasi hatuoni haki kumlaumu mkuu wa komini ya Dilala au ya Manika bila kuukumbuka.

Sheria zilikuja baadaye. Katiba ya 2006 yampa kila mtu haki ya kukaa mahali penye afya. Sheria ya Oktoba 2008 yaipa komini kazi za karibu: mifereji, taka, masoko, usafi wa mitaa. Leseni za machimbo, hata hivyo, hutolewa Kinshasa. Sheria ya madini, ilivyotengenezwa upya Machi 2018, yaagiza kwamba katika kila mia ya mrabaha, 25 ziende kwa mkoa na 15 kwa utawala wa mahali penyewe panapochimbwa. Mwaka huohuo kobalti ilitozwa kumi kwa mia. Si fedha ndogo.

Tuangalie mtaa wa Kasulo. Mwaka 2014 mtu mmoja alichimba uani kwake akakuta mawe ya kobalti. Habari ilienea, mashimo yakachimbwa kati ya nyumba, hata chini ya vyumba watu walimolala. Utawala wa mji ulikuwa umbali wa kutembea kwa miguu, na mashimo yakazidi. Mwaka 2017 serikali ya mkoa mpya wa Lualaba, uliozaliwa 2015, iliwahamisha mamia ya jamaa, ikazungushia uzio sehemu ya mtaa, na kampani ya Wachina ikapewa haki ya kununua mawe yote. Mwaka 2018 mabingwa wa chuo kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven walitangaza matokeo ya vipimo vyao: watu wa Kasulo, hasa watoto, walikuwa na kobalti mwilini kuliko watu wa mtaa mwingine wa jirani. Vumbi lile halikupita mgodini tu, liliingia vyumbani.

Kwa hiyo hatukubali kwamba utawala wa karibu hauna nguvu. Uliweza kuhamisha mtaa na kujenga uzio mambo ya biashara yalipodai. Kupima vumbi na maji ya visima ni kazi ndogo kuliko hiyo.

Tatizo jingine ni kwamba kwa miaka 15 komini zilikuwa na sheria bila kuwa na baraza. Wakuu wake waliteuliwa kutoka juu, na aliyeteuliwa huogopa aliyemteua. Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya 2015, alionya kwamba raia wasipoisimamia serikali yao, hata ile ya mji, uharibifu hautazuilika. Desemba 2023 wananchi wa komini za miji mikuu ya mikoa walipiga kura kuchagua madiwani wao, mara ya kwanza chini ya sheria ile ya 2008.

Katika jumuiya yetu hai, tulipozungumza juu ya madiwani hao, wengi wetu tulianza na hesabu ya mrabaha. Mama mmoja alitukatiza. Alitaka kujua diwani wake anakaa wapi, ampeleke kesho asubuhi akauone mfereji unaopita nyuma ya kisima.