Sare, Kalibu na Ushahidi: Askari Wadogo wa Plastiki Mbele ya Historia

Askari mdogo wa plastiki, ambaye kimo chake hakifiki sentimita mbili na nusu, huuzwa katika kisanduku pamoja na wenzake ili apakwe rangi na kupangwa mezani kwa ajili ya mchezo wa vita, yaani mchezo ambao wachezaji huyarudia mapigano ya zamani kwa kanuni za mwendo, shabaha na bahati ya dadu. Kwa zaidi ya nusu karne wapenzi wa mchezo huu wamempima askari huyo kwa swali moja, nalo ni kama mtu wa zama zile alivaa hivyo na kubeba silaha hivyo. Kulijibu swali hilo kwa haki kunadai elimu kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mwamuzi anapaswa kujua si sare peke yake, bali pia mwaka na mahali pa vita vinavyohusika, uwezo wa mashine iliyomtoa askari huyo, na ushahidi uliokuwa mikononi mwa wanahistoria siku mchongaji alipokaa kazini. Mtengenezaji aliyepuuza ushahidi uliojulikana na mtengenezaji aliyefuata kosa la wataalamu wote wa wakati wake hawastahili hukumu moja.

Ubishi wenyewe ni mkongwe kuliko plastiki. Mwaka 1830 William Siborne, ofisa wa jeshi la Uingereza, alipewa kazi ya kutengeneza mfano wa uwanja wa Waterloo, huko Ubelgiji, ambako Napoleon alishindwa tarehe 18 Juni 1815. Alikaa kwa miezi minane katika shamba la La Haye Sainte akiipima ardhi, kisha akawaandikia maofisa waliopigana siku ile akiwauliza vikosi vyao vilikuwa wapi ilipokaribia saa moja jioni na mashamba yaliyowazunguka yalikuwa na mazao gani. Mfano ulioonyeshwa London mwaka 1838 ulikuwa na askari wa bati wapatao 75,000, na ardhi yake ilipimwa kwa futi 9 kwa kila maili moja, kipimo ambacho kingemfanya mtu awe na kimo cha milimita 3 tu, kwa hiyo Siborne alilazimika kuwafanya askari wake kuwa wakubwa kuliko ardhi waliyosimama. Hakuna aliyemlaumu kwa hilo. Lawama zilitokana na askari wa Prusia, washirika wa Waingereza chini ya Jemadari Blücher, ambao kwa ushahidi alioukusanya walikuwa wamekwisha kuingia vitani kwa nguvu saa ile, jambo ambalo watu wa karibu na Duke wa Wellington, jemadari wa Waingereza siku ile, hawakupenda lionekane waziwazi. Hatimaye Siborne aliondoa sehemu kubwa ya Waprusia wake, akabaki na madeni, na mfano wake umehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya taifa ya jeshi jijini London. Barua alizoletewa, ambazo mwanawe alichapisha baadhi yake mwaka 1891, zimekuwa hazina kwa kila anayeandika historia ya vita vile. Waprusia wale walioondolewa mezani ni upotoshaji mzito kuliko kosa lolote la kifungo au mshipi, na mtu yeyote anayehukumu usahihi wa askari wadogo hana budi kuanza kwa kuliweka jambo hilo mbele ya macho yake.

Plastiki iliingia baadaye sana. Kampuni ya Airfix ya Uingereza, iliyoanzishwa na Nicholas Kove mwaka 1939, ilitoa visanduku vyake vya kwanza vya askari wadogo mwaka 1959, kwa kipimo kilichokaribiana na cha treni za mfano, na kwa bei ambayo mtoto wa shule aliimudu kwa fedha yake ya mfukoni. Kisanduku kimojawapo cha mwanzo kilikuwa cha bendi ya walinzi wa kifalme, ambayo Mwingereza yeyote angeweza kwenda kuitazama barabarani na kulinganisha. Mambo yalibadilika pale watu wazima walipoanza kuwatumia askari hao katika michezo ya vita iliyopangwa kwa makini, kama ile iliyoelezwa na Donald Featherstone katika kitabu chake cha War Games cha mwaka 1962, na zaidi vilipotolewa visanduku vya vita vya Waterloo, karibu na wakati wa filamu ya Sergei Bondarchuk ya mwaka 1970 iliyotumia maelfu ya askari halisi wa Kisovieti kuigiza majeshi ya Napoleon na Wellington. Wanunuzi hao walikuwa wamesoma vitabu vya sare, na walitaka walichokisoma wakione kwenye plastiki.

Lakini kalibu, yaani umbo la chuma ambamo plastiki iliyoyeyushwa husukumwa kwa shinikizo ili igande, ina amri zake ambazo hakuna kitabu cha sare kinachoweza kuzitangua. Kalibu ya kawaida ina nusu mbili zinazofunguka kwa kuvutwa moja kwa moja pande mbili, kwa hiyo sehemu yoyote ya mwili inayojikunja na kujificha nyuma ya nyingine humnasa askari ndani, asitoke bila kuvunjika. Ndiyo sababu nafasi kati ya mkono na kifua mara nyingi imejaa plastiki isiyo na maana, na ndiyo sababu askari wengi wanaonekana kama waliobanwa, bunduki ikiwa imelazwa sambamba na mwili. Gobori la Kiingereza la wakati wa Waterloo lilikuwa na urefu wa sentimita 140 hivi, na mtutu wake haukuzidi sana unene wa sentimita 2 kwenye ncha; katika kipimo cha 1/72, ambamo mtu wa mita 1.70 anapata kimo cha milimita 23.6, mtutu huo ungekuwa na unene wa milimita 0.3, uzi ambao plastiki laini isingeweza kuusimamisha. Singe, kile kisu kirefu kinachochomekwa mwishoni mwa mtutu, ina shida hiyohiyo. Mtengenezaji huinenepesha silaha kwa kulazimika, na mwamuzi anayeuita unene huo kosa la kihistoria anamtoza mchongaji deni la mashine.

Kosa la kweli hupatikana pengine, na mara nyingi katika mikanda. Askari wa kawaida wa miguu wa Kifaransa, aitwaye fusilia, alinyang'anywa upanga wake mfupi kwa amri ya mwaka 1807, na tangu hapo ala ya singe yake ikaning'inizwa kwenye mkanda uleule uliobeba sanduku la risasi, hivyo kifuani pake ulipita mkanda mmoja tu. Grenadia, ambaye alikuwa askari wa kikundi teule cha batalioni, alibaki na upanga, naye alivaa mikanda miwili iliyokatana kifuani. Kwa hiyo askari aliyechongwa na mikanda miwili na kupakwa rangi kama fusilia wa Waterloo amekosewa, hata kama kila kifungo chake kimehesabiwa. Koti nalo lina tarehe yake: kanuni zilizoandaliwa na Meja Bardin mwaka 1812 zilileta koti fupi lililofungwa hadi kiunoni, ilhali lile la awali lilikuwa wazi tumboni na lenye mikia mirefu nyuma, kiasi kwamba kisanduku chenye jina la Waterloo na makoti ya mtindo wa kale kwa kweli kinawaonyesha watu wa Austerlitz, vita vya mwaka 1805. Kwa upande wa Waingereza, shako, ile kofia ngumu ndefu yenye ukingo mbele, ilipata muundo mpya mwaka 1812, lakini vikosi vya wepesi na vya wadunguaji viliendelea kuvaa ule wa zamani, na kwa hiyo kofia zote mbili zilikuwepo uwanjani siku ileile.

Hata hivyo kanuni hueleza kilichotakiwa kuvaliwa. Picha za sare zilizouzwa Paris na Aaron Martinet zilionyesha askari safi wenye manyoya kofiani, na wachongaji wengi walizifuata kwa kuwa zilikuwa wazi na za kuvutia. Bali michoro ya Christian Wilhelm von Faber du Faur, ofisa wa mizinga wa Württemberg aliyekwenda Urusi pamoja na jeshi la Napoleon mwaka 1812, inaonyesha watu waliojifunika makabuti, suruali pana na vitambaa vya aina yoyote iliyopatikana. Usiku wa kuamkia Waterloo mvua ilinyesha sana, na wengi walipigana kesho yake kofia zao zikiwa zimefunikwa kwa kitambaa kilichopakwa mafuta, nembo haionekani. Askari wa plastiki mwenye manyoya na nembo inayong'aa anafuata kanuni barabara, lakini hakuwepo kwenye tope lile.

Kesi ya Warumi inafundisha zaidi, kwa sababu humo ushahidi wenyewe umegeuka. Kwa karne nyingi mfano mkuu wa askari wa Kirumi ulikuwa Nguzo ya mtawala Trajan mjini Roma, iliyozinduliwa mwaka 113 baada ya Kristo, ambapo askari wa legioni, yaani raia wa Roma, wamevalishwa deraya ya mabamba ya chuma, na askari wasaidizi wamevalishwa deraya ya vipete vilivyosukwa. Mgawanyo huo nadhifu uliwasaidia watazamaji kuwatambua, lakini mnara wa Adamklissi, katika Romania ya leo, uliojengwa kwa ajili ya vita vya mtawala huyohuyo, unawaonyesha askari wa legioni wenyewe wakiwa na deraya za vipete na za magamba. Jinsi deraya ya mabamba ilivyoshikana haikujulikana vyema, na wataalamu wengi waliichora kama mabamba yaliyopachikwa juu ya koti la ngozi, hadi mwaka 1964 lilipofukuliwa sanduku lenye vipande vya deraya huko Corbridge, kaskazini mwa Uingereza, na mtaalamu wa deraya H. Russell Robinson akaonyesha kwamba mabamba yaliunganishwa kwa ndani na tepe za ngozi, hivyo deraya ikaweza kujikunja pamoja na mwili. Baadaye tena, uchimbaji wa Kalkriese, Ujerumani, unaohusishwa na maangamizi ya jemadari Varus ya mwaka 9, ulitoa vipande vilivyothibitisha kwamba deraya hiyo ilivaliwa mapema kuliko ilivyoaminika. Askari mdogo wa enzi hiyo ya mtawala Augusto mwenye deraya ya mabamba, ambaye wajuzi walimkataa hapo awali, leo anasimama bila hatia, na mchongaji wake alibahatisha.

Kampeni ya Afrika Mashariki ya mwaka 1914 hadi 1918, ambayo nayo huchezwa kwenye meza za michezo ya vita, inadai uangalifu huohuo wa tarehe. Askari wa jeshi la Wajerumani mwenye tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, akibeba bunduki ya Mauser ya muundo wa 1871 ambayo baruti yake ilitoa moshi mwingi na kumfichua aliyeipiga, yu sahihi kabisa kwa mapigano ya Tanga ya Novemba 1914. Kwa mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917 sivyo, kwa kuwa vizuizi vya meli za Waingereza pwani vilikuwa vimekausha akiba, nguo zilifumwa humuhumu nchini na kupakwa rangi ya magome, na silaha na mavazi mengi yalikuwa yametekwa kwa adui. Zaidi ya hayo, majeshi ya pande zote mbili yalitembea kwa mabega ya wapagazi, ambao waliandikwa kwa mamia ya maelfu na kufa kwa makumi ya maelfu, hasa kwa maradhi na njaa. Sanamu ya shaba ya Dar es Salaam ya mwaka 1927 inamwonyesha askari peke yake, ilhali ile ya Nairobi ya mwaka 1928 imempa mpagazi nafasi pamoja na wenye bunduki, na katika jambo hili ya Nairobi ndiyo iliyo karibu zaidi na vita vilivyokuwa. Mchezaji anayepanga batalioni nzima ya askari waliochongwa bila dosari, bila mpagazi hata mmoja nyuma yao, ameipa batalioni hiyo chakula na risasi ambazo hakuna mtu aliyezibeba.