Vaileti ya Kizungu

Unalijua hili ua. Dogo, la zambarau, majani yana manyoya laini, linauzwa kwenye vyungu vidogo na kuwekwa dirishani pa ofisi. Kwa Kiingereza ni vaileti ya Afrika. Maneno mawili, na yote yana walakini. Halina undugu na vaileti za Ulaya, limefanana nazo rangi tu. Na Afrika ni kubwa mno: porini ua hili liko Tanzania na Kenya peke yake, milimani kama Usambara, Uluguru na Taita, na kwenye miamba kadhaa ya pwani. Ni kama kumwandika mtu wa Wundanyi "Mwafrika" halafu ukafunga faili. Wajerumani angalau walisogea karibu kidogo. Wao husema vaileti ya Usambara.

Walikuwa na sababu. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya ya Tanga alikuwa baroni mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire. Miaka mitatu tu kabla ya hapo, Desemba 1889, Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim kule Pangani na kuizima vita ya pwani. Sasa kulikuwa na ule utulivu unaompa mtawala nafasi ya kutembea akitazama maua. Baroni akaliona, akampelekea babake Ujerumani, naye mzee akalifikisha kwa Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover. Mwaka 1893 Wendland akalipa jina la kisayansi: Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni ukoo wa baroni. La pili ni Kigiriki, maana yake ni lenye maua kama vaileti.

Kinachonikera mimi ni hiki: baroni hakuwa mgeni wa lugha. Mwaka 1890 alikuwa ameshachapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili, Suaheli-Handbuch. Wala hakuwa wa kwanza kulichuma. John Kirk, balozi wa Uingereza kule Zanzibar, alipeleka kielelezo Kew, London, mwaka 1884. Mwaka 1887 akafuata W. E. Taylor. Ndiyo, Taylor yule yule, mmishenari wa Mombasa aliyekusanya mashairi ya Muyaka na methali zetu. Vielelezo vyao vikakaa Kew, vikavu, bila jina. Yaani watu wawili wenye sikio la Kiswahili walilishika ua hili mkononi, na jina la kisayansi likatoka bila hata silabi moja ya Kiswahili, Kishambaa wala Kigiriama.

Sidhani ilikuwa njama. Jina la kisayansi lilikuwa namna ya kusema asante, na ukileta mmea mpya bustanini unalipwa kwa jina. Waliopita kando ya ua hilo kila siku wakienda kutafuta kuni hawakuwa kwenye hesabu.

Miaka ya 1920 wakulima wa maua Los Angeles wakaanza kulizalisha kibiashara. Kufikia 1946 wapenzi wake Marekani walikuwa na chama kabisa. Halafu, mwaka 2015, wanasayansi waliosoma vinasaba vyake wakalihamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus, yaani tunda lililosokotwa. Baroni akavuliwa jina hivyo hivyo, bila maandamano, bila sanamu kuangushwa. Wauzaji wengi hata hawakugundua.

Mmoja wa hapa Ngong Road nilimuuliza mche wake umetoka wapi. "Hiyo ni vaileti ya kizungu, boss. Hapa kwetu haimei bila kubembelezwa."

Sasa ona. Kenya tuna aina zetu. Moja hukaa miambani pwani, pamoja na pale Cha Simba, Kilifi. Nyingine ni Streptocarpus teitensis, yenye jina la Taita kwa tahajia ya kikoloni, na porini inapatikana msitu mmoja tu duniani: Mbololo. Msitu wenyewe ni hekta 200 hivi juu ya kilima, umezungukwa na mashamba. Mmea unataka kivuli na unyevunyevu. Miti ikikatwa juu yake, jua linaumaliza. Hauhitaji shoka liuguse. Na ni nani atakayegombania kivuli cha ua analoamini limetoka kwa wazungu?

Kama una nyanya Mbololo, mpigie simu. Muulize wao huliitaje, kwa Kidawida.